Kondoo wa Kitoweo: Kuisoma Zaburi 44:22 kwa Maneno Yake

Ukienda mnadani kununua mbuzi, utaona hesabu ikipigwa mnyama angali hai. Mchinjaji humpapasa mgongoni, akambonyeza kiunoni kwa vidole viwili, akamnyanyua kidogo miguu ya mbele, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu anatoa kilo 12." Mbuzi kasimama palepale, anatafuna, anawatazama watu. Katika mazungumzo yale, lakini, mbuzi hayupo tena. Kuna nyama, ngozi, utumbo, na kichwa cha supu.

Nilikuwa nimeegemea uzio wa zizi la namna hiyo siku nilipolielewa neno moja la Kiebrania ambalo kamusi ilikuwa imenitafsiria bila kunionyesha. Neno lenyewe ni *nehshavnu*, "tumehesabiwa", na limo katika Zaburi 44:22: *Ki aleikha horagnu kol hayom, nehshavnu ketzon tivha.* Nikiutafsiri mwenyewe, karibu neno kwa neno, mstari unasema: "Kwani kwa ajili yako tumeuawa mchana kutwa, tumehesabiwa kama kondoo wa kuchinjwa."

Wakristo wengi wanaufahamu kupitia kwa Mtume Paulo, aliyeunukuu katika Warumi 8:36. Husomwa kwenye maziko ya watumishi na kwenye mahubiri juu ya mashahidi wa imani, na kwa kawaida husomwa kwa sauti ya ushindi. Kwenye zaburi yake hauna sauti hiyo. Pale ni mstari wa mashtaka, na anayeshtakiwa ni Mungu. Asiyelikubali hilo kwanza hatauelewa Paulo, wala Wayahudi waliouomba mstari huu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Neno moja kuhusu namba, maana huwachanganya watu. Biblia ya Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi, "Kwa mwimbishaji, ya wana wa Kora, maskil" (maskil ni aina ya wimbo), kuwa mstari wa kwanza, hivyo mstari wetu wa 22 kwao ni wa 23. Na tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, huiita zaburi yenyewe ya 43. Hapa nafuata namba za Biblia zetu za Kiswahili.

Hao wana wa Kora nao wana kisa chao. Kora ni yule wa Hesabu 16 aliyemwasi Musa, ardhi ikafunua kinywa ikammeza. Hesabu 26:11 inaongeza kasentensi kafupi ambako wengi hukaruka: wana wa Kora hawakufa. Kwa hiyo wanaomwuliza Mungu maswali makali kuliko karibu zaburi zote ni uzao wa mtu aliyeangamia kwa sababu ya kinywa chake. Sijui kama aliyeipanga Zaburi alilikusudia hilo, ila mimi kila nikikisoma kichwa kile hunijia.

Zaburi inaanza kwa utulivu. Baba zetu walitusimulia, inasema, jinsi ulivyowafukuza mataifa kwa mkono wako ukawapanda wao. Haukuwa upanga wao uliowapa nchi. Mstari wa 8 unafunga sehemu hiyo kwa kujivuna: katika Mungu tumejisifu mchana kutwa. Halafu mstari wa 9 unaangusha neno dogo, *af*, ambalo hapa lina uzito wa "lakini", na kuanzia hapo karibu kila kitendo kina mtendaji mmoja, Wewe. Umetutupa. Umetutia aibu. Umeturudisha nyuma mbele ya adui. Umetutoa kama kondoo wa kuliwa. Umetutawanya katika mataifa.

Kisha unakuja mstari wa 12, ambao kwa maoni yangu ndio wenye uchungu kuliko yote: unawauza watu wako kwa bei isiyo mali, wala hukupata faida kwa thamani yao. Mchuuzi anayeuza kwa hasara ana sababu zake: deni la ada ya shule, ukame, ugonjwa. Mtunga zaburi haoni sababu yoyote. Mungu kaingia mnadani na kundi lake mwenyewe, kaliachia kwa bei ya kutupa, karudi nyumbani mikono mitupu. Kama watu wetu wangeangamia lakini Wewe ukapata kitu, angalau tungeelewa! Lugha hii ya sokoni ndiyo inayoandaa njia ya mstari wa 22.

Kabla ya kufika huko, jambo moja la imani. Kumbukumbu la Torati 28 linaweka kanuni inayoeleweka: mkitii mtabarikiwa, mkiasi mtapigwa mbele ya adui zenu. Manabii wengi waliyaeleza maangamizi ya Israeli kwa kanuni hiyo, na vitabu kama Maombolezo vinakiri wazi, "tumekosa". Zaburi 44 inakataa. Mstari wa 17 unasema haya yote yametupata, na hatukukusahau, wala hatukulisaliti agano lako. Mstari wa 20 na wa 21 zinakwenda mbali zaidi: kama tungekuwa tumelisahau jina la Mungu wetu, au tumemnyoshea mikono mungu mgeni, Mungu asingeligundua hilo, naye ndiye azijuaye siri za moyo? Yaani wanamwita mshtakiwa awe shahidi wao. Tuchunguze, wanasema, daftari lako linajua.

Katika kikundi kimoja cha kujifunza Biblia nilichokuwamo, mama mmoja aliyefiwa na watoto wawili kwa mwaka mmoja aliulizwa na mzee wa kikundi, kwa upole kabisa, kama hakuna jambo ambalo hajalitubu. Hakujibu. Alifungua Biblia yake, akasoma mstari wa 17 hadi wa 21 kwa sauti ya kawaida, akaifunga. Mazungumzo yakahamia kwenye ratiba ya wiki inayofuata. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya zaburi hii, na sidhani kama kuna kilichoifafanua vizuri kuliko yeye.

Sasa tuuingie mstari wenyewe. *Ki*, neno la kwanza, lina maana nyingi: kwa kuwa, hakika, bali. Kwa kuwa limekuja baada ya kukana kosa, hapa linasikika kama mtu anayetikisa kichwa: la, hatukukusahau, ni kwa ajili yako ndiyo tunauawa.

*Aleikha* ni kihusishi *al*, ambacho maana yake ya msingi ni "juu ya", kilichounganishwa na "wewe". Kikitumika kwa sababu, huwa "kwa ajili yako" au "kwa sababu yako", na hapo ndipo Kiswahili kinatuwekea mtego mdogo. Tunaposema "nimefanya hivi kwa ajili yako", msikilizaji husikia upendo na kujitoa. *Aleikha* haibebi hilo lazima. Zaburi 69:7 inalitumia vilevile: kwa ajili yako nimebeba lawama. Yeremia 15:15 nayo: ujue kwamba kwa ajili yako nimebeba lawama. Mahali pote patatu msemaji anamwambia Mungu chanzo cha dhiki yake ni nini. Wewe ndiye sababu. Kama tusingekuwa wako, wasingetugusa. Upendo unaweza kuwamo ndani yake, sikatai, ila kinachosikika kwanza ni lawama.

*Horagnu* ni "tumeuawa", kutoka *harag*, kuua, katika umbo la kutendwa ambalo ni adimu katika Biblia ya Kiebrania. Linaonekana pia Isaya 27:7. Sarufi hapa ina kioja chake. Aliyeuawa hasemi "nimeuawa", labda katika hadithi za mizimu. Na kitendo hiki cha mara moja kimewekewa "mchana kutwa", kana kwamba watu wanakufa tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Kiswahili kinaweza kuchagua: tumeuawa, tunauawa, twauawa, huuawa. Tafsiri nyingi zimechagua "tunauawa", na hilo linaeleweka, kwani linaonyesha mfululizo. Mimi nimebaki na "tumeuawa" kwa sababu linaacha ule ugeni: sauti ni ya jumuiya, na jumuiya inaweza kuwa na maiti zake ikaendelea kuongea. "Sisi" ya zaburi hii ina waliokufa ndani yake.

Hayo maneno *kol hayom*, mchana kutwa, yanatokea mara tatu katika zaburi, na mpangilio wake hauwezi kuwa wa bahati. Mstari wa 8: tumejisifu katika Mungu mchana kutwa. Mstari wa 15: mchana kutwa fedheha yangu i mbele yangu. Mstari wa 22: tumeuawa mchana kutwa. Siku ni ileile, imejazwa mara ya kwanza kwa sifa, ya pili kwa aibu, ya tatu kwa kifo. Mfasiri anayebadilisha maneno kwa ajili ya ladha, akaweka "daima" hapa na "kila siku" pale, anauvunja mnyororo huo bila kujua.

Tumefika kwa *nehshavnu*. Shina lake ni h-sh-v, kufikiri, kukadiria, kuhesabu, na lina undugu na shina la Kiarabu lililotupa "hesabu" yetu. Kwa hiyo "tumehesabiwa" siyo tafsiri ya kubahatisha; ni binamu wa neno lenyewe. Hapo ndipo yule mchinjaji na vidole vyake viwili waliponisaidia. Mstari hausemi tu kwamba tunakufa. Unasema tumekwisha kuwekwa kwenye hesabu ya vitu kabla ya kufa. Mtu amekutazama ukiwa hai, akaona kilo.

Na hizo ni kilo za nini? *Tzon* ni kundi la mifugo midogo, kondoo na mbuzi pamoja. *Tivha* ndilo neno ambalo Kiswahili hakiwezi kulionyesha kirahisi, kwa kuwa "kuchinja" kwetu kunatosha kwa kila kisu: cha Idi, cha harusi, cha buchani. Kiebrania kinatenganisha. Kuna *zavah*, kuchinja kwa ibada, shina lenye undugu na Kiarabu kilichotuletea "dhabihu" na "madhabahu". Na kuna *tavah*, kuchinja kwa ajili ya chungu. *Tabah* ni mpishi, kama yule aliyemwekea Sauli paja la nyama katika 1 Samweli 9, na kwa Kiarabu *tabakha* ni kupika. *Tivha* yenyewe inatokea katika 1 Samweli 25:11, Nabali anapokataa kumpa Daudi nyama aliyowachinjia wakata manyoya wake. Nyama ya wafanyakazi, basi. Mchuzi.

Zaburi 44:22, kwa hiyo, haiwapi wafu hata heshima ya kuwa sadaka. Kondoo wa dhabihu huchaguliwa, hukaguliwa asiwe na kilema, na kifo chake kina anayekipokea. Kondoo wa *tivha* ni kitoweo. Ukikumbuka mstari wa 11, kondoo wa kuliwa, na wa 12, mauzo yasiyo na faida, utaona msemaji ameishika picha moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuilegeza.

Mstari unaofuata unapaza sauti: Amka! Mbona umelala, Bwana? Waamini wachache wangethubutu kuomba hivyo kanisani. Katika 1 Wafalme 18:27 Eliya anawadhihaki manabii wa Baali kwamba labda mungu wao amelala na inabidi aamshwe, na kwa Kiebrania vitenzi ni vilevile viwili, vya kulala na kuamka. Dhihaka ya Eliya kwa Baali, wana wa Kora wameigeuza sala kwa Mungu wao.

Wayahudi wenyewe hilo liliwakera zamani. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika Sota 9:10, inataja kwamba Kuhani Mkuu Yohanani aliwaondoa "waamshaji". Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaeleza kwamba hao walikuwa Walawi waliosimama kila siku na kusema, "Amka, mbona umelala, Bwana?" Yohanani akauliza: kwani kuna usingizi mbele za Mungu, na Zaburi 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali? Akapiga marufuku. Kitheolojia alikuwa sahihi, na ninamwelewa. Lakini mstari wenyewe hakuuondoa, na watu wakaendelea kuuhitaji.

Talmudi ya Babeli, Gitini 57b, ina ukurasa mzima wa majibu kwa swali la nani hasa anayetajwa katika mstari wetu. Rabi mmoja anasema ni tohara ya siku ya nane. Mwingine, Resh Lakish, anasema ni wanazuoni wanaofundisha sheria za kuchinja wakijionyeshea kwenye miili yao wenyewe: unamwona mwalimu akipitisha kidole shingoni, kisu kianzie hapa, kiishie hapa, bila kukumbuka kwamba shingo ile ni yake. Sijui kama rabi alitaka tucheke. Mimi hucheka kidogo, kisha huacha.

Jibu linalokaa ni la Rav Yehuda: ni yule mwanamke na wanawe saba. Kisa hicho kinajulikana pia katika 2 Wamakabayo 7, kikiwekwa wakati wa mateso ya mfalme Antioko IV, yaliyoanza mwaka 167 KK. Katika simulizi la Talmudi watoto wanaletwa mbele ya Kaisari mmoja mmoja, wanatakiwa kuabudu sanamu, wanakataa, wanauawa. Anapofikiwa wa mwisho, Kaisari anamwonea huruma, au anaona aibu. Anamwambia: nitaidondosha pete yangu ya muhuri, uiname uiokote tu, ili watu waseme umekubali. Mtoto anakataa hata kuinama. Na mama, kabla ya mtoto kuuawa, anamtuma: nenda ukamwambie baba yako Ibrahimu, wewe ulifunga madhabahu moja, mimi nimefunga madhabahu saba.

Hapo mstari umegeuzwa. Zaburi ilisema kitoweo. Mama anasema madhabahu. Amewachukua wanawe kutoka kwenye hesabu ya mchinjaji na kuwaandika kwenye hesabu ya Moria, mlima ambako Ibrahimu alimfunga Isaka juu ya madhabahu. Lakini sikiliza vizuri, lawama haijaondoka: wewe moja, mimi saba. Na wako, Ibrahimu, alirudi nyumbani akiwa hai.

Katika sala ndefu ya toba ambayo Wayahudi huisoma Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Tahanuni, maneno haya yanarudi yakiwa yamechanganywa na ya Isaya 53: tazama kutoka mbinguni uone, tumehesabiwa kama kondoo anayepelekwa kuchinjwa, na pamoja na haya yote jina lako hatukulisahau, tafadhali usitusahau. Ni Zaburi 44 katika sentensi mbili.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1941, katika geto la Vilna, Lithuania, mtaa ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, kijana mshairi aitwaye Abba Kovner aliwasomea wenzake wito wa kupigana: tusiende kama kondoo wanaokwenda kuchinjwa. Ulikuwa wito wa ujasiri kwa watu waliozingirwa. Baada ya vita, kauli ikachukuliwa na watu ambao hawakuwapo, ikawa shutuma kwa waliokufa na kwa walionusurika: mbona mlikwenda kama kondoo? Hata katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyeratibu kupelekwa kwa Wayahudi kwenye mauaji, Yerusalemu, mwaka 1961, mwendesha mashtaka Gideon Hausner aliwauliza mashahidi kwa nini hawakupigana. Matumizi hayo yameupindua mstari. *Nehshavnu* ni tendo la yule anayehesabu. Kondoo hakujihesabu mwenyewe.

Turudi kwa Paulo, anayeandika yapata mwaka 57 BK, kwa Kigiriki, akiufuata mstari kama ulivyo katika Septuaginta. Ametoka kuorodhesha dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari na upanga, na jambo la kwanza analolifanya ni kuwaambia Warumi kwamba haya siyo mageni, yameandikwa. Watu wa Mungu waliyapata bila kosa, na hayakuwa dalili ya kutupwa. Hivyo Paulo ameichukua ile hoja ya wana wa Kora nzimanzima, ya kwamba kuteswa si hati ya hatia.

Lakini kuna neno moja analolifanyia kazi tangu mbali. Kigiriki kwa "tumehesabiwa" ni *elogisthemen*, na kitenzi hichohicho amekitumia tena na tena katika sura ya 4: Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki. Nacho kinatoka Mwanzo 15:6, ambako Kiebrania kinatumia shina lilelile, h-sh-v. Tena katika 8:18 anasema kwamba akiyahesabu mateso ya sasa hayalingani na utukufu ujao, na kitenzi ni hichohicho. Kwa hiyo ikifika 8:36, msomaji aliyefuatilia anajua kwamba watu wale wale wanapigiwa hesabu mahali pawili. Kwenye daftari moja wameandikwa kilo. Kwenye daftari jingine wameandikwa haki. Paulo anasema la pili ndilo litakalosimama, na ndiyo maana mstari wa 37 unathubutu kusema tunashinda, "katika" mambo hayo yote, bila kusema kwamba yamekwisha.

Zaburi yenyewe haifiki huko. Inaishia na mtu aliyelala kifudifudi, tumbo limegandamana na ardhi, akiomba: simama, utusaidie, utukomboe *lema'an hasdekha*, kwa ajili ya fadhili zako. Hapa Kiswahili, kilichotutega mwanzoni, kinalipa deni. Kiebrania kina vihusishi viwili tofauti, *al* na *lema'an*. Sisi tuna kimoja, na kinaziweka sentensi mbili ana kwa ana. Kwa ajili yako tumeuawa. Kwa ajili ya fadhili zako, tukomboe. Baada ya hapo hakuna sauti inayojibu, hakuna nabii anayesimama kusema "usiogope". Mstari unaofuata katika kitabu ni wa Zaburi 45, na ni wimbo wa harusi ya mfalme.